Mstari Mweusi Chini ya Goti

Bibi Pelagia alisema ni matege tu,
yatamwondoka kama meno ya utoto.
Tukangoja. Meno yakang'oka, mapya yakaota,
Mzekala akatimiza miaka saba,
na mguu wake wa kushoto ukazidi kuchora upinde
kila aliposhuka ngazi za duka la mikate.

Tbilisi, ghorofa ya tatu, Daktari Eteri
aliibandika eksirei kwenye taa.
Mfupa mweupe, mweupe, kisha chini ya goti
mstari mweusi, mwembamba kama ukucha uliokatwa.
Nikadhani ni ufa. Nikashika ukingo wa meza.
"Hapo," akasema, "ndipo binti yako anapokua.
Ni gegedu, pichani haionekani.
Seli zimepangana kama sahani kabatini,
hizi zinazaliwa, zile zinageuka mfupa,
na mguu unarefuka
pasipo yeyote kusikia."

Palipo patupu pichani
ndipo penye kazi.

Kisha akagusa upande wa ndani kwa kalamu.
Uzito wa mwili ulikuwa umeuangukia upande huo,
hatua kwa hatua, tangu alipoanza kutembea,
na seli zilizobanwa huzaa polepole.
Upande wa nje, uliopumua, ukakimbia.
Mguu ukapinda, na ulipopinda
uzito ukahamia ndani zaidi.
Mzigo unazaa kombo, kombo linazaa mzigo,
na katikati yao mtoto wangu anaruka kamba.

Niliporudi Kakheti nikambeba mgongoni.
Nikambeba shuleni, nikambeba kanisani,
nikambeba hadi mlango wa choo, akanipiga ngumi.
Nilikuwa nimeelewa nusu.
Daktari akanikemea kwa simu:
"Vazha, mfupa usiokanyagiwa unasahau kazi yake,
unakuwa mwepesi kama pumba. Mwache atembee.
Mzigo si adui. Adui ni mzigo ulioegemea."

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Methali ya kumkunjua sikufundishwa.

Machi akamtia kibamba cha chuma upande wa nje,
kifupi kuliko kiwavi,
skrubu moja juu ya mstari, moja chini yake.
Hakikumvuta aliyechelewa;
kilimshika shati anayekimbia.
Mimi ninayefunga mizabibu kwenye waya tangu utoto
hapo sikuhitaji maelezo.
Lakini mzabibu haujawahi kuniuliza,
kama alivyouliza Mzekala akiwa na bandeji mpya:
"Mbona mnafunga upande usio na kosa?"
Sikuwa na jibu.
Bado sina.

Kila miezi mitatu, basi, baridi, taa, rula.
Digrii kumi na nne. Kumi na moja.
Kumi na moja tena, nikakosa usingizi.
Sita.
"Usichelewe tarehe ijayo," daktari akaonya,
"tukikiacha kupita kiasi, utapinda kinyume."
Tarehe ikaangukia katikati ya mavuno.
Mawingu yalikuwa yameshalala juu ya milima.
Niliacha safu kumi na moja na zabibu zake, tukapanda basi.

Skrubu alizirudisha ndani ya kiberiti kitupu.
Alizitikisa njia nzima, ka-ka, ka-ka,
mama mmoja akahama kiti.
Katika picha ya mwisho mstari ulikuwa bado mweusi,
hauna mlinzi, unaendelea na shughuli zake.
Siku moja utakuwa mweupe,
na urefu atakaokuwa nao siku hiyo ndio wake.

Oktoba, mabaki ya mavuno,
tulishika kreti moja, yeye huku, mimi kule.
Nilikuwa naitazama miguu yake,
natafuta, kama kawaida yangu, kombo.
Sikuona kwamba kreti imeinama,
kwamba zabibu zote zinamteremkia yeye.

"Baba," akasema, bila kusimama,
"shusha upande wako."