Maswali ya Muuguzi kule Pen-y-gaer

Kila Jumanne ya pili ya mwezi Tegwen, muuguzi wa Wales,
huliacha gari lake dogo kwenye matope,
hubisha hodi, hajibiwi,
huingia.
Ithel Bebb yuko dirishani, soksi moja mguuni,
nyingine mkononi kama barua asiyojua ni ya nani.

Huu ni mwaka gani, Ithel?
Anatabasamu. *Wa mvua.*
Na huyu pichani?
Anamtazama sana. *Mwanamke,* anasema. *Tena mzuri.*
Walilala kitanda kimoja miaka hamsini na mitatu.
Tegwen anaandika sifuri, kalamu inakwaruza.
Na hapa tulipo, ni wapi?

Hapo mgongo wa mzee unanyooka.
*Pen-y-gaer.*
Bila kusita, kama mtu aliyeulizwa iwapo ana mikono.

Pen, kichwa. Gaer, ngome.
Kichwa cha ngome; lakini ngome yenyewe iko wapi?
Nyuma ya nyumba kuna kilima, juu ya kilima nyasi,
juu ya nyasi kondoo thelathini na mbwa mvivu aitwaye Mot.
Mawe ya ukuta yalishuka bondeni zamani,
yakawa zizi, yakawa daraja,
yakawa meko haya alipoegemeza fimbo.
Waliojenga hawakuacha hata kijiko.
Walimwogopa nani? Hakuna ajuaye,
wala kama huyo nani alifika.

Neno tu ndilo lililobaki kwenye zamu.
Wala halikubaki kama jiwe libakivyo. Lina ujanja.
Likiwa peke yake ni caer.
Ukisema unakwenda kwake, linalainika: gaer.
Ukilitanguliza *na*, linakohoa kidogo: chaer.
Ukiwa ndani yake, linapanda puani: nghaer.
(Tusicheke. Sisi nasi ulimi ukizidi mmoja
huwa ndimi, na hatupotei njia.)
Lango hupigwa gogo, likaanguka.
Utalipigaje gogo jambo
linalobadili kichwa kila ukilishika?

Kompyuta ya posta imeandika *Pengare*.
Barua zinafika vilevile.
Shamba la chini ni Cae Dan Gaer, shamba chini ya ngome;
mjukuu, Glesni, ameliuza kwa watu wanaokuja wakati wa jua,
nao wamepigilia kibao kipya chenye picha ya ndege.
Mtu wa kuwaletea kuni
bado anauliza njia ya Cae Dan Gaer.

Karatasi ya Tegwen imekwisha.
Anauliza lisiloandikwa:
Gaer ni nini, Ithel?

Mzee anatafuta. Unamwona akitafuta,
anafungua kabati baada ya kabati mle ndani,
kisha anachoka, ananyoosha kidole nje.
*Pale kondoo wanapopinda.*

Kweli. Wanashuka mmoja mmoja kwa mstari,
nyasi tupu kulia, nyasi tupu kushoto,
na wakifika mahali pasipo na kitu
wanabana, wanapinda, wanapita kwa zamu
katika lango ambalo halipo,
kama mama zao, na mama za mama zao.
Hakuna kondoo aliyewahi kukata moja kwa moja.

Tegwen anatafuta kisanduku cha kuweka jibu hilo.
Hakuna. Analiandika pembeni, likipanda ukingo wa karatasi.

*Na wewe,* anauliza Ithel ghafla, *mtoto wa wapi?*
Wa Caerfyrddin.
Analitafuna jina hilo polepole, mpaka linamwachia utamu wake.
*Caer,* anasema. *Basi nawe ni wa ndani.
Funga mlango, baridi inaingia.*

Anaufunga.
Kisha anapiga magoti mbele ya meko,
anaichukua ile soksi mkononi mwa mzee,
na mguu ule mweupe, mwembamba, wenye mishipa,
unangoja.