Jua la Kiporo

Saa kumi na moja alfajiri, Miritini.
Ndoo, kitambaa, mpira wa maji.
Safu ya kumi na nne ni yangu:
vioo arobaini na sita,
kila kimoja kipana kama mlango wa duka.
Chumvi ya bahari imelala juu yake usiku kucha,
ukilamba kidole utaijua.
Naipangusa kabla jua halijachomoza;
likishachomoza, hapakaliki.

Kwa nukta moja kioo hunipa uso wangu,
leso kichwani, pengo la jino.
Kisha mota inaguna
na kioo kinanigeuzia kisogo:
kimepata kibla chake.
Vyote vyauelekea mnara mmoja,
mnara usioadhini.

Injinia Msellem alinieleza mara moja tu,
mahamri mkononi:
huko juu ipo chumvi nyingine.
Imeyeyuka, yatiririka kama uji,
yalibeba jua mpaka kwenye tangi,
na tangi lalifunika
kama afunikiwavyo chakula mgeni aliyechelewa.
Usiku mvuke waamka, mtambo wazunguka,
Changamwe yawaka, Kongowea yawaka,
na mwenye cherehani Majengo atia uzi sindanoni
bila kukunja uso.
Nikacheka. Nalipwa kuifukuza chumvi
ili chumvi ipate kazi.

Nyumbani Chaani, shangazi Nyevu hakubali.
"Jua la saa nane mchana
latafuta nini kwangu saa tatu usiku?"
Ni kiporo, shangazi. Wali wa jana huuli?
"Kiporo hupashwa moto."
Hiki ndicho moto wenyewe.
Akanyamaza.
Shangazi akinyamaza, ujue anapika neno.

Likaja wingu la masika, siku tatu halikubanduka.
Vioo vikalala chali, vikinywa mvua.
Tangi likatoa akiba, likatoa, likakauka,
nasi tukaitafuta koroboi uvunguni.

Siku ya nne mbingu ikafunguka kidogo.
Usiku narudi, taa imewaka,
shangazi yuko juu ya stuli:
kamba toka msumari hadi dirishani,
na chini ya balbu
soksi za shule za Chizi, jozi mbili, zadondoka maji.
"Ni jua, si jua?"
Ni jua.
"Basi na likaushe."

Asubuhi soksi mbichi vilevile.
Akazikamua, akaitazama balbu kwa huruma:
"Kumbe la masika."