Kipande cha Kaliua

Mtaa wa Samora, juu ya gunia lililotandazwa,
kati ya kamusi isiyo na jalada na vitabu vya uhasibu,
Mbaruku aliniuzia nchi nzima kwa elfu nane.
Imekunjwa mara kumi na sita, inanuka mafuta ya taa,
na kule kusini kuna reli, mistari miwili na vijiti,
kutoka Mtwara inapanda mpaka Nachingwea.
"Hii bado ipo?" nikamuuliza.
"Kwenye karatasi ipo."
Iling'olewa kabla mama hajavunja ungo.

Mimi ni fundi cherehani, Keko Magurumbasi.
Kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi.
Basi nikaenda ofisi ya ramani, dirisha la pili,
Bi Tumpale akashusha miwani:
"Si unapanda treni? Ramani ya nini?
Kwani wewe ndiye dereva?"
Nikamwambia, nataka kujua
nitapita wapi nikiwa nimelala.

Hakucheka. Akavuta droo moja, akavuta nyingine.
Kumbe nchi inakaa imekatwa, kama suruali kabla ya mshono:
Ruvu, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Tabora.
Akahesabu kwa kidole chenye wino,
akafika mahali, akaifunga droo taratibu.
"Kipande cha Kaliua kimekwisha.
Kitachapwa bajeti ikiruhusu."

Kipande hicho hicho.
Huko baba alishika bendera ya kijani miaka ishirini na miwili,
na huko akazikwa na watu wa zamu yake.
Barua zake zilikuja na mihuri,
hazikuja na picha.

Usiku nikasogeza cherehani, nikatandaza sakafuni,
nikaunga pembe kwa pembe kwa pini za kushonea.
Reli haikubali rula. Inazunguka vilima,
inafuata bonde, inageuka ghafla
kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani.
Nikaifuata kwa uzi mweusi, kona baada ya kona,
kisha, kwenye ile kubwa ya Mbaruku,
nikaunyoosha uzi juu ya skeli.
Dar hadi Mpanda:
uzi wa kushikiza vifungo vya shati moja.
Miaka yote ile baba alikuwa mbali kiasi hicho tu?
Nikanuna, peke yangu, saa sita ya usiku.

Na katikati ya vipande, tundu la mraba.
Saruji tupu.

Asubuhi Shigela, dereva wa malori ya tumbaku,
alikuja kufuata suruali yake. Zipu nilikuwa sijaigusa.
Akaangalia chini, akavua kandambili,
akaomba chaki yangu ya kukatia.
"Hapa zinaachana. Hii ya Kigoma, hii yako."
Chaki ikakwaruza.
"Hapa mto Ugalla. Masika, usiiamini barabara.
Hapa kuna mama anauza asali kwenye chupa za bia,
mwambie Shigela analeta zile chupa.
Hapa nililala siku mbili, springi imekatika, na fisi wanacheka.
Hapa…"
Akajikuna shingo.
"Hapa sijui."
Nikamwamini kwa sababu ya hapo.

Nilisafiri na vipande vyangu ndani ya mfuko wa khanga.
Mtu wa kiti cha mbele akadhani nauza mabango.
Tulipoiacha Kaliua, nikatandaza mapajani:
mapajani palikuwa na tundu,
dirishani pamejaa.
Miombo, moshi, mtoto na ndoo,
miombo, kibao kisichosomeka,
miombo.

Nimesharudi.
Chaki bado ipo sakafuni, imefifia upande wa mto.
Pale Shigela aliposema hajui
nimechora kibanda, na mbele yake kijiti,
na kwenye kijiti kipande cha kitambaa cha kijani,
nimekigandisha kwa gundi ya viatu.
Zainisha, binti ninayemfundisha kazi,
anadhani ni kipimo cha gauni la mteja mkorofi.
Anafagia kwa kuzunguka.