Nyuzi Tatu

Sheria ya Kalifonia ina kalenda yake:
gari la mwaka sabini na tano limeshasamehewa,
lifuke litakavyo, hakuna wa kulinusa.
Langu ni la sabini na sita.
Datsun ya milango miwili,
rangi ya chungwa lililosahaulika dirishani,
boneti ndefu kama kiapo cha mlevi.
Shemeji yangu Zaven aliinunua akiwa bado na nywele,
akaniachia magoti yalipomgomea.
Mwaka mmoja tu!

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Wahenga hawakuwa na Datsun.
Cha mvunguni mwake hukitaka ulale chali,
oili ikudondokee sikioni,
na spana namba kumi ipotee
pale pale ulipoiweka.

Nikaitia kemshafti ya vilima virefu.
Valvu mbili zikawa zinaachwa wazi pamoja
kwa punje ya muda, si zaidi,
lakini katika punje hiyo
nguvu inaingia kwa mlango wa mbele
na petroli mbichi inatorokea uani.
Kisha nikaisogeza cheche, nyuzi tatu mbele ya kitabu.
Lo!
Kwenye mizunguko elfu nne
gari lilisahau umri wake, nami wangu.

Ofelia Quintanar akaingiza mrija bombani
kama daktari wa ng'ombe.
Magurudumu yakakimbia juu ya rola bila kwenda popote,
maili kumi na tano, kisha ishirini na tano.
Printa ikatema karatasi.
"Limeanguka. Haidrokaboni. Naitrojeni nayo.
Umelifanya nini, Hrant?"
"Sijafanya kitu."
"Linanguruma kama paka aliyemeza kokwa,
na wewe hujafanya kitu."

Wiki mbili nikabishana na hewa.
Ukiongeza petroli, kaboni inapanda.
Ukiibana, silinda inashikwa na homa,
na homa ndiyo mama wa naitrojeni.
Mke wangu Araksi alinikuta usiku wa manane
nimekaa na plagi sita juu ya meza ya chakula,
nazisoma kama mtu asomaye barua za deni:
hii nyeusi, hii nyeupe, hii ina rangi ya biskuti,
laiti zote zingekuwa biskuti.

Jirani akaninong'oneza: mimina spiriti tangini
asubuhi ya kupima, jioni unyonye uitoe.
Nikainunua. Lita nne, buti likanuka hospitali.

Agosti hapa Fresno hewa hukaa kama maji ya beseni.
Milima imetuzunguka, kinachopanda hakitoki.
Zabibu zimeanikwa kwenye karatasi kati ya mizabibu,
vumbi la lozi linaingia hadi kwenye chumvi.
Ofisini kwa Ofelia, mwanawe alikuwa anafanya hesabu,
penseli mkono huu,
mkono ule kile kichupa cha bluu cha kupulizia kifua.
Akavuta. Akahesabu hadi kumi kimya kimya.
Akarudi kwenye sehemu zake: tatu ya nane.
Hata hakuniangalia.

Nikamwambia mama yake nitarudi kesho.

Spiriti niliisugulia sakafu ya gereji.
Kemshafti ya zamani ikarudi mahali pake, kimya kama mkwe.
Kichocheo kipya bombani, mshahara wa nusu mwezi.
Cheche nikaishusha hadi kwenye kitabu.
Asubuhi nikaendesha dakika ishirini, kichocheo kipate moto,
nikafika bila kuzima injini.
Tukapita.
Kwa unywele, lakini karatasi haina unywele,
karatasi ina muhuri.

Sasa mniulize, kama Ofelia hayupo karibu,
kama niliiacha cheche pale pale.
Jumapili, barabara ya kupandia milimani, kona ya tatu,
nilisimama kando nikafungua boneti
nikairudisha mbele nyuzi mbili.

Uzi wa tatu nimeuacha.
Naukumbuka kila ninapopanda.