Mstari wa Kumi na Saba

Alishuka na treni ya Tabora mwaka wa sabini na tano,
sanduku moja la nguo, mawili ya karatasi,
na koti zito ambalo Mwanza haikuwahi kulihitaji.
Kwenye orodha ya walimu: Yevdokim Larionov, Hisabati.
Sisi tulimwita Mwalimu Iksi,
kwa jinsi alivyoitamka herufi ile
kama mtu anayevunja kijiti gotini.

Kiswahili chake kilitembea pekupeku.
"Jiwe ile anakaa. Kwa nini anakaa?"
Chaki ikielekea dirishani, kilimani Mabatini,
ambako mawe makubwa kuliko nyumba yamebebana
tangu kabla ya mtu,
na chini yake watu wamejenga, wamepika, wamezaa,
hakuna anayetazama juu.

Kwao, alisema, kuna mto unaoganda.
Mwaka wa njaa, akiwa na miaka tisa,
aliuvuka kwa kuhesabu hatua,
akivuta kigari kisicho na magurudumu.
Hakusema kilibeba nini.
Aligeukia ubao, akaandika:
nipe mtikisiko, hata mdogo kama mbu anapotua,
nitakuambia kama jiwe litarudi mahali pake.

Mama yangu alikuwa anaponda kokoto.
Alhamisi jioni mzungu yule alikuja, akakalia gunia,
akamtazama anavyogonga mara moja, anasikiliza,
anahamisha nyundo upana wa vidole viwili,
anagonga tena,
na jiwe linafunguka kama muhogo ulioiva jikoni.
"Mama Nkwimba, wewe najuaje?"
"Limeniambia."
Aliliandika hilo. Nililiona, kwa herufi za kwao,
pembezoni mwa ukurasa wa arobaini.

Miaka sita, ithibati moja.
Kurasa mia mbili na kumi zikaenda Moscow kwa posta,
stempu zimebanana hadi anwani ikakosa nafasi.
Jibu lilikuja na mvua za vuli, karatasi moja:
ukurasa wa tatu, mstari wa kumi na saba,
alama ya kutoa ilipaswa kuwa ya kujumlisha.

Tulingoja apige meza.
Aliuandika mstari ule ubaoni, wote, na kosa lake,
akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta.
"Angalia vizuri, watoto. Hapa mimi naanguka."
Kisha akamtuma Lubango sambusa za darasa zima.

Sijui kama aliwahi kuurekebisha.
Mkataba uliisha, treni ikamrudisha alikotoka.
Koti alimwachia mama, aliyelikalia kazini
mpaka bitana ikajaa vumbi la mawe
na hatukuweza tena kulinyanyua kwa mkono mmoja.

Sasa nafundisha mimi, Nyakato.
Machi iliyopita, usiku wa mvua,
jiwe dogo la pembeni liliteremka,
likaingia jikoni kwa akina Bugumba
na kusimama shubiri moja kutoka kwenye jiko la mkaa.
Lile kubwa halikujongea.
Asubuhi wakaja kwangu, si wewe ndiye wa hesabu,
hili kubwa je?

Nilipanda na daftari kwapani.
Nilisoma upepo, mteremko, udongo uliolowa,
nikajaza ukurasa, nikafika mstari wa kumi na saba
na kalamu ikasita yenyewe.
Basi nikachukua nyundo ya mama.
Nikagonga mara moja. Nikasikiliza.

Sikusikia kitu.
Nikawaambia wahamishe jiko kwanza,
na watoto walale upande wa pili.