Safu ya 4017

Ijumaa saa kumi jioni wataizima seva.
Hakuna atakayelia. Ni sanduku la bati
kwenye ghorofa ya chini, ofisi ya hali ya hewa, Tartu,
linanguruma kama paka mzee,
na ndani yake, katikati ya makorokoro,
umelala ukurasa mmoja wa Endel Vahtrik.

Endel alipima mvua kijijini Mustasaare
miaka ishirini na mitatu, saa moja asubuhi,
kopo la zinki, rula, penseli.
Jedwali alilisuka mwenyewe, tagi kwa tagi;
nyingine alizifungua asizifunge,
kama mtu anayetoka na kuacha mlango wazi
kwa kuwa anarudi sasa hivi.

Nina siku mbili na kahawa iliyopoa.
Naiita maktaba ndogo ya Javaskripti,
naandika mistari arobaini, naikabidhi ukurasa.
Haifoki. Haiulizi nani kaandika ovyo namna hii.
Inafunga kimyakimya milango ya Endel
na papo hapo panaota mti:
shina, matawi, vitawi,
na kwenye ncha ya kila kitawi
tarehe, milimita, upepo, joto, theluji.

Nipe kila safu, nasema.
Katika kila safu, nipe seli ya pili.
Vua rangi. Vua fonti.
Vua lile wingu dogo linalopepesa tangu 1998.
Mkato ugeuze nukta, mashine haijui mikato yetu.
Lakini kistari kiache kilivyo,
kistari si sifuri:
sifuri ni kwamba alitazama, kopo likawa kavu;
kistari ni kwamba hakutazama.

Bibi yangu alichuma beri msituni kwa kitana cha mbao.
Unapitisha mara moja, majani yanateleza, beri zinabaki.
Na konokono pia, alisema,
angalia konokono.

Zikashuka. 0.4. 0. 0. 11.2. 0.
Zikashuka kama kitu kisicho na mwisho,
hadi safu ya 4017, msimbo ukagoma:
hapa hapana seli ya pili.

Nikajilaumu kwanza, ndiyo desturi.
Nikafungua, nikasoma kwa macho, mstari kwa mstari.
Ilikuwepo seli moja tu, imetandazwa
juu ya nafasi za zote tano:

*Leo sikupima. Helju amefariki alfajiri.
Mvua ilinyesha, niliisikia.*

Dawa yake ni nyepesi. Kama si namba, ruka.
Niliandika hivyo. Nikaendesha.
Faili likatoka safi, limepepetwa, halina punje ya mchanga,
na Tõnis alipopita nyuma ya kiti changu alisema: vizuri.

Sikuondoka kitini.
Kisha nikaufuta ule mstari wa kuruka.
Nikaongeza uga ambao hakuna mtafiti aliyeuomba,
nikauita *maneno*,
nikaendesha tena, nikitarajia moja.

Zilikuwa tatu. Kuruka kulikuwa kumezimeza mbili
bila hata kucheua:

*Kongoni wa msituni kalipiga kopo teke.
Nakisia tano. Msiniamini.*

na, miaka sita baada ya Helju,

*Korongo wamerudi. Nimechelewa kusoma rula.*

Safu elfu nane na ushee, uga wa *maneno* mtupu
kama nyumba za majira ya joto mwezi wa kwanza,
isipokuwa madirisha matatu yenye taa.

Kwa asubuhi ya Helju, upande wa milimita,
nimeacha pengo. Si sifuri.
Atakayejumlisha mvua ya mwaka ule
jumla yake itapungua kidogo,
na asipojua kwa nini, asome kulia.

Ijumaa saa kumi na dakika tatu
ngurumo ilikatika sakafuni.
Tõnis aliuliza kama nimepata zote.
Nilimwambia zote,
isipokuwa ile aliyoisikia tu.