Leseni ya Ng'ambo

Mimi, Marlys Hofstra, dalali wa Davenport,
mwenye mabango mia mbili na kumi na moja
niliyoyagongomea kwenye nyasi za watu, kisha nikayang'oa,
sina ruhusa ya kuchomeka hata kijiti
kwenye uwanja wa mama yangu.

Mto ndio umesema hivyo.
Mto wenyewe hapa hauna akili timamu:
una nchi nzima ya kushukia kusini,
lakini ukifika kwetu unageuka, unakwenda magharibi
kama mtu aliyesahau funguo.
Huku Iowa. Kule Illinois.
Katikati daraja, dakika sita,
tisa ikiwa mbele yako kuna lori la nguruwe.

Kaka yangu Dwight alipiga simu Jumapili.
"Mama ameshazoea kule kwa wauguzi. Nyumba iuzwe.
Na asiiuze mtu mwingine, uiuze wewe."
Nikamwambia, mie kule ni mpita njia tu.
Akanicheka: "Umezaliwa kule!"
Kuzaliwa si leseni, Dwight.

Kumbe majimbo nayo yana ujirani.
Yamewekeana neno, nipe nikupe:
wako nimtambue, wangu umtambue.
Miaka yangu kumi na tisa haikutupwa mtoni;
mtihani mkubwa wamenisamehe,
ule wa riba, na ekari, na nani mrithi wa nani.
Uliobaki ni mdogo, wa sheria zao tu,
kama mwenyeji anayekwambia: karibu ndani,
ila viatu vua.

Nikavua.
Nikaomba barua kwa tume ya huku, ya kwamba sina doa:
sijala amana ya mtu, sijashtakiwa, sijafungiwa.
Ikaja ya mistari minne. Miaka kumi na tisa, mistari minne!
Niliisoma mara mbili ndani ya gari, injini inanguruma,
nikaona kama wanamsema marehemu.

Vidole vikakataa.
Kijana wa mashine, Tavion, aliminya gumba langu kwenye kioo
mara ya kwanza, ya pili, ya nne.
"Mama, alama zimefutika. Ulikuwa ukifanya kazi gani?"
Kabla ya nyumba niliosha vyombo vya hospitali,
maji ya moto na dawa, miaka kumi na miwili.
Akanipaka losheni, akasubiri, akapuliza.
Mistari ikajitokeza polepole,
kama njia za shambani theluji inapoyeyuka.

Usiku nilisoma sheria za ng'ambo jikoni,
za wakala na mteja, za kutobagua,
za pesa ya mtu ilale wapi, siku ngapi.
Nilifaulu Alhamisi, kwa alama ambazo sitazitaja.

Leseni ikaja. Bango nikalipakia, nikavuka,
dakika tisa, nguruwe wapo.
Nililigonga mwenyewe
kando ya mayungiyungi ya mama.

Sasa niko mezani kwake na fomu.
Muuzaji aeleze kila kasoro aijuayo.
Mama hajui tena, nakumbuka kwa niaba yake.
Je, chumba cha chini kimewahi kuingiwa na maji?
Ndiyo, hadi ngazi ya nne; baba alivua viazi kwa wavu.
Je, paa? Je, mchwa? Je, rangi ina madini ya risasi?
Hapana, hapana, sijui.
Ngazi ya tatu hulia ukiikanyaga: hawakuuliza.
Dirisha la juu, tangu Dwight apitie hapo kutorokea jeshini:
nimeandika, "halifungi".
Na mama kuniuliza kila Jumatano
kama nimekuja kumrudisha nyumbani:
hakuna kisanduku.

Nimetia sahihi pale penye dalali.
Nambari ni mpya, bado siijui kwa ghibu,
naitazama kwenye kadi,
naiandika tarakimu moja moja.